Mtoto anayetikisa kichwa hana mapepo

Maoni ya mhudumu wa afya wa kujitolea, Kisugu

Tunapopita nyumba kwa nyumba hapa Kisugu na Namuwongo, tunakuta watoto wenye kifafa waliofichwa chumbani. Wazazi husema ugonjwa huu si wa hospitali, ni wa maombi. Mimi nasema ni wa hospitali, na sababu ninayo.

Kaskazini mwa Uganda, huko Kitgum, Pader na Lamwo, wakati wa vita na maisha ya kambini, watoto wengi walianza kutikisa kichwa wakiona chakula. Wakadhoofika, wakaanguka kifafa. Watu wakasema ni roho za waliouawa. Lakini ugonjwa wa namna hiyo ulikwisha kuonekana Mahenge, Tanzania, miaka ya 1960, bila vita hiyo.

Kote huko kuna ugonjwa wa usubi, yaani upofu wa mtoni, unaoletwa na inzi wadogo weusi wa mito yenye maji ya kasi. Mwaka 2017 watafiti walieleza hivi: mwili hutengeneza kingamwili, askari wa damu, ili kupigana na minyoo ya usubi. Lakini mnyoo ana protini inayofanana na moja ya mwili wetu, leiomodini, iliyomo hata kwenye ubongo. Basi askari wanampiga mwenye nyumba wakidhani ni mwizi. Kingamwili hizo zilikutwa katika damu na hata katika maji ya uti wa mgongo, na kwenye maabara ziliua chembe za ubongo. Si wataalamu wote wanaokubali kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe, maana hata wasio wagonjwa walikutwa nazo. Ila tangu 2012, Uganda ilipoanza kugawa huko kaskazini ivermectini (Mectizan) mara 2 kwa mwaka na kuua mabuu ya inzi mitoni, wagonjwa wapya karibu waliisha. Sijasikia pepo anayeogopa Mectizan.

Ninyi mliotoka Ituri mnaijua mito hiyo. Huko pia kifafa ni kingi penye usubi. Mkifika kliniki, mwambieni daktari kijiji mlichotoka, asije akakisia.

Kifafa hakiambukizi kwa mate. Mshike mtoto, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Na dawa ya kifafa usiikatize ghafla, hata mchungaji akisema mtoto amepona. Kifafa chaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Mchungaji aombe, mtoto ameze dawa. Sioni ugomvi hapo.

Najua kifafa hapa hutibiwa mara nyingi kwenye kliniki ya afya ya akili, na mama anaona aibu kukaa kwenye benchi lile. Nasi tunaowapeleka tuna deni. Mama anaelezwa kwa Kiingereza au Kiluganda, anaitikia kwa kichwa, dawa zikiisha harudi. Ninaomba siku ya kliniki hiyo awepo mkalimani wa Kiswahili, tangu asubuhi hadi dirisha la dawa lifungwe.