Jirongo moja, tafadhali
Waliokuwa vijana Nakuru miaka ya tisini hawahitaji kuelezwa kwamba Jirongo ni shilingi 500. Noti yenyewe ilitolewa mwaka 1988, lakini jina ililipata kwenye kampeni za uchaguzi mkuu wa Kenya wa 1992, pale vijana wa KANU, chama kilichokuwa kikitawala, waliojiita YK'92, wakiongozwa na Cyrus Jirongo, walipojulikana kwa kumwaga pesa kila walikopita. Ndiyo iliyokuwa noti kubwa kuliko zote nchini. Ile ya 1,000 ilikuja 1994. Wananchi walilicheka jina hilo, na kicheko hicho nakiheshimu sana, maana kiliweka kumbukumbu ambayo hotuba za majukwaani zingependa isahaulike. Lakini kilificha machungu pia. Mwaka huohuo wa 1992, huku Molo, familia zilikuwa zikitimuliwa mashambani mwao na mapigano ya kikabila. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ukapita asilimia 40, na mishahara haikuufuata. Nikimsikia kijana wa steji akilitaja jina hilo bila kujua lilikotoka, natamani mzee aliye karibu naye amsimulie habari yote, bei ya unga ikiwemo.