Dozi Kamili, Kijiji Kizima

Wananchi wenzangu wa Ufipa, mlioko Sumbawanga mjini, Laela, Matai, Namanyere na vijiji vyote vya uwanda wetu:

Mahindi ya Rukwa yanalisha nchi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango kilichozidi cha mkoa mwingine wowote. Sababu za udumavu ni nyingi, na lishe ndiyo kubwa. Ila mtoto mwenye minyoo hata akishiba ugali na maharage, sehemu ya chakula chake na damu yake inaliwa na wengine. Dawa ipo, tena shuleni hutolewa bure. Tunachokosea ni dozi, na kosa hili hakuna awezaye kulirekebisha peke yake.

Tuanzie dukani. Mama ana watoto watatu na fedha ya kidonge kimoja. Anakigawa vipande, kila mtoto chake, akiamini dozi ya mtoto hupungua kama shati lake. Kwa minyoo ya kawaida, yaani askaris na safura, sivyo. Albendazoli ni miligramu 400 kwa mkupuo mmoja, kwa mtu mzima na kwa mtoto aliyetimiza miaka miwili. Mwenye umri wa kati ya mwaka mmoja na miwili hupewa 200, na kidonge hupondwa asije akapaliwa. Mebendazoli huja kwa namna mbili: kidonge cha miligramu 500 kinachomezwa mara moja, au vidonge sita vya miligramu 100, kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tatu. Anayemeza kimoja cha 100 na kuacha kwa kuwa tumbo limetulia hajamaliza tiba. Mjamzito wa miezi mitatu ya mwanzo asimeze dawa hizi, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka apelekwe kwanza kituo cha afya.

Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ina hesabu nyingine. Siku ya kingatiba, yaani ugawaji wa dawa kwa watu wote kwa pamoja, mtoto husimamishwa wima, bila viatu, kwenye mti uliochorwa alama. Mwenye sentimita 115 hupata kidonge kimoja na nusu, mwenye 130 viwili, mwenye 155 vitatu. Alama hizo zinakadiria uzito wake pale pasipo na mizani. Kwa hiyo mzazi akisikia kuwa wanawe wawili wamepewa vidonge tofauti, ajue hakuna aliyependelewa.

Lakini hata dozi iliyo sahihi hufukuza minyoo iliyomo tumboni leo tu. Haimkingi mtu na ya kesho. Askaris jike mmoja hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, na mayai hayo hudumu kwenye udongo wenye unyevu kwa miezi, hata miaka. Mabuu ya safura hupenya ngozi ya mguu mtupu. Nyumba moja ikimeza dawa na jirani akaendelea kujisaidia shambani, mvua zikianza watoto wa nyumba zote mbili wanakanyaga tope lile lile. Ndiyo maana kingatiba hutolewa kwa wote kwa wakati mmoja, na ndiyo maana anayebaki nyumbani siku hiyo anawarudisha nyuma wenzake.

Najua wapo wanaoificha familia kwa sababu ya uvumi. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, watoto walipojisikia vibaya baada ya kumeza dawa shuleni, wazazi walizivamia shule kwa hasira na ugawaji ukasimamishwa. Wazazi wale hawakuwa wameelezwa vya kutosha. Basi tuelezane mapema: kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo kuuma kidogo hutokea na huisha, na prazikwanteli haimezwi tumbo likiwa tupu. Mtoto ale kwanza.

Lipo pia jambo la nguruwe, ambao wengi wetu tunawafuga na wanatusomeshea watoto. Nguruwe akizurura na kula kinyesi cha mtu mwenye tegu, nyama yake hujaa vijifuko vyeupe. Anayeila kabla haijaiva vizuri hupata tegu tumboni. Naye mwenye tegu asiponawa mikono husambaza mayai, na anayeyameza, hata kama hajawahi kuonja kitimoto, anaweza kuota vijifuko kwenye ubongo. Hiki ni chanzo kikubwa cha kifafa katika maeneo ya wafuga nguruwe, na wagonjwa wetu wengi wanapelekwa kwa waganga badala ya hospitali. Anayeona vipande vyeupe bapa kwenye haja kubwa asibahatishe dawa dukani. Na mwenye kifafa, au anayeumwa kichwa sana bila sababu kujulikana, amwambie mhudumu kabla ya kupewa prazikwanteli, kwa maana dawa hiyo ikiua vijifuko vya ubongoni inaweza kuamsha degedege.

Ombi langu ni hili. Wazazi, pelekeni watoto kwenye kingatiba, pamoja na wale wasioandikishwa shule, na wadogo wapelekeni kliniki kila Juni na Desemba. Wauza maduka ya dawa, msiuze nusu dozi. Mwelezeni mteja mpaka arudie kwa mdomo wake. Walimu, hakikisheni uji umeiva kabla dawa haijafunguliwa. Wafugaji, jengeni mabanda, na mwiteni mtaalamu wa mifugo, kwani nguruwe naye ana dawa yake na dozi yake.

Na kwenye mkutano ujao wa kijiji, kila mmoja wetu asimame aulize: kingatiba ni lini, kaya zipi hazina choo, na nguruwe wa nani bado wanazurura? Tusiondoke mkutanoni kabla majibu hayajaandikwa kwenye muhtasari, pamoja na majina ya watakaofuatilia.