Vigae vya Iznik na Bakuli la Mezani

Mji wa Nikea tunaujua kwa ajili ya mkutano wa maaskofu wa mwaka 325. Siku hizi unaitwa Iznik, nao upo Uturuki. Katika karne ya 16 mafundi wa mji huo walitengeneza vigae vya kupambia kuta ambavyo mpaka leo watu husafiri mbali kuvitazama.

Kigae hicho si udongo mtupu. Sehemu kubwa ni mawe meupe magumu yaliyosagwa kama unga, yakachanganywa na kioo kilichosagwa na udongo mweupe kidogo. Juu yake hupakwa uji mweupe uliochujwa vizuri, ndipo huchorwa matulipu, mawaridi na majani marefu. Buluu hutokana na kobalti, na rangi ya feruzi hutokana na shaba. Nyekundu ni udongo wenye chuma, nayo hupakwa nene hata ukipitisha kidole unaisikia imeinuka. Mwisho hufunikwa kwa ganda la kioo na kuchomwa tanurini. Katika Msikiti wa Sultan Ahmed, Istanbul, viko zaidi ya 20,000.

Sasa tuje kwenye lile ganda, maana sisi wauguzi hatuwezi kulipita. Ndani yake mna risasi. Risasi hufanya kioo kiyeyuke upesi na king'ae. Ukutani haina neno, hakuna anayelamba ukuta! Lakini Iznik walifinyanga pia sahani na mabakuli, na hata leo wako wafinyanzi wa nchi mbalimbali wanaotumia risasi. Ndimu, siki, ukwaju na nyanya huitoa ikaingia katika chakula. Tumbo la mtoto mdogo huweza kufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko la mtu mzima, nayo hudhuru ubongo kabla dalili yoyote haijaonekana. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Basi ukiletewa zawadi ya bakuli la maua kutoka safarini, nawe hujui limepakwa nini, litundike ukutani. Usikorogee humo maji ya ukwaju. Kulichemsha hakuondoi risasi. Kama watoto wamekwisha kulitumia muda mrefu, mwulize daktari juu ya kupima damu. Lililochubuka au kupasuka ndilo baya zaidi.