Ardhi Inaposogea, Kiswahili Kiseme Nini?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa uliokusudiwa na methali hii ni wa nyumba, na mwenye nyumba ajua pa kuuziba. Ufa wa ardhi hauzibwi kwa udongo wala kwa saruji. Salama ya binadamu ni kuuelewa, na kuuelewa kwahitaji lugha. Hapa ndipo penye pengo. Mkenya aishiye Bonde la Ufa ana neno moja tu kwa kila mwanya autazamao ardhini, ilhali wanajiolojia huzipambanua nyufa kwa jinsi zinavyosogea.

Madhara ya pengo hili yalidhihirika mnamo Machi 2018. Baada ya mvua kubwa, korongo refu lilitokea karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara iendayo Narok. Uvumi ukazagaa kwamba Afrika ilikuwa ikigawanyika mara mbili machoni pa watu. Wanajiolojia kadhaa walieleza kuwa maji ya mvua yalikuwa yamezoa majivu laini ya volkano yaliyokuwa chini ya ardhi. Ni kweli kwamba Bonde la Ufa linatanuka, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka. Korongo huchimbwa na maji. Ufa wa kijiolojia ni mpasuko wa miamba ambao pande zake mbili zimesogezwa na kani za ndani ya dunia. Asiye na maneno ya kutenganisha mambo haya mawili atawezaje kutoyachanganya?

Kiswahili chaweza kuyaeleza haya bila taabu. Mipasuko mingi ya miamba huinama mfano wa ngazi iliyowekwa ukutani. Basi upande mmoja wa miamba huegemea, na wa pili huegemewa. Ardhi inapovutwa huku na huku, upande ulioegemea huteremka. Huu na uitwe ufa wa kushuka, nao ndio uliochonga magenge ya Elgeyo na Nguruman. Tarehe 6 Januari 1928, ufa wa aina hii ulisogea chini ya genge la Laikipia, eneo la Subukia, ukaleta tetemeko la kipimo cha 6.9 na kuipasua ardhi kwa takriban kilomita 38.

Miamba inapobanwa, mambo hugeuka: upande ulioegemea hupandishwa juu ya mwenzake. Huu ni ufa wa kupanda. Uliposogea karibu na Sumatra tarehe 26 Desemba 2004, sakafu ya bahari iliinuliwa, na mawimbi ya tsunami yakafika hadi pwani za Somalia, Kenya na Tanzania siku iyo hiyo.

Aina ya tatu ni ufa wa kupishana, ambapo pande mbili hupitana kwa ulalo kama wasafiri njiani. Ufa wa San Andreas wa California ni mfano mashuhuri: mwaka 1906 barabara moja karibu na ghuba ya Tomales ilikatwa, na vipande vyake vikaachana kwa takriban mita 6. Tetemeko kubwa lililoiangamiza miji ya Uturuki na Syria tarehe 6 Februari 2023 lilitokana na ufa wa aina hii. Aidha, zipo nyufa zinazochanganya miendo, zikashuka au kupanda huku zikipishana.

Wapo wanaoshikilia kwamba mambo haya ni ya Kiingereza na yaachwe huko. Hoja hii haina mashiko. Istilahi za Kiingereza za pande mbili za ufa zilitoka vinywani mwa wachimba migodi: upande mmoja wa miamba uliwaning'inia vichwani, na wa pili waliukanyaga kwa miguu. Ikiwa lugha ya wachimba migodi ilifaa kuwa lugha ya sayansi, lugha ya mwashi wa Nakuru ina kasoro gani? Kauli ya kutendwa peke yake imetosha kuzaa jozi ya egemea na egemewa, tena kwa uwazi ambao hata mtoto wa shule ya msingi ataushika.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya. Urasmi huo hauna budi kuonekana siku ambayo mwananchi atahitaji kuelezwa kama nyumba yake imekaa juu ya korongo la mvua au juu ya ufa wa kushuka. Kwa mintarafu hii, idara za Kiswahili na za jiolojia katika vyuo vikuu zinapaswa kuketi pamoja, zikubaliane juu ya istilahi na kuzifikisha kwa walimu, watangazaji na machifu. Subukia ilitetemeka mwaka 1928 bila ya kubisha hodi. Kazi ya kuandaa maneno haifai kungoja siku ya tetemeko.