Nta na Samli Si Kifuniko cha Jamu



Maembe yanapoiva kwa mkupuo, Masalani kwetu na Hola ng'ambo ya Tana, bei huanguka na matunda mengi huozea chini ya miti. Kwa hiyo akina mama wanaoyapika jamu wastahili sifa. Lakini kuni, sukari na jasho lao lote laweza kupotea kwa jambo moja dogo, nalo ni namna ya kuziba chupa.

Wapo wanaoyeyusha vipande vya mishumaa na kumwaga nta juu ya jamu. Wengine humwaga samli. Mama mmoja ataniuliza: kama samli hulinda nyirinyiri kwa miezi, kwa nini isilinde jamu? Swali hilo ni jema na lataka jibu kamili.

Kumbukeni nyirinyiri hutengenezwaje. Nyama hukatwa mikanda mirefu, huanikwa juani mpaka ikauke, kisha hukatwa vipande vidogo na kukaangwa hata maji yaliyosalia yaishe. Ndipo hufunikwa kwa samli ya moto. Samli basi ni mlinzi anayekuja mwisho, mwizi amekwisha kufukuzwa. Kazi kubwa imefanywa na jua na moto: vimeondoa maji, na pasipo maji vijidudu haviwezi kuzaana. Wazee wetu hawakukosea hata kidogo.

Jamu ni kitu kingine. Maji yangalimo ndani yake, ila yameshikwa na sukari, na penye unyevu juu yake koga huota upesi. Nta ikipoa hunywea na kuachana na kioo, ikaacha ufa mwembamba kama unywele. Hewa hupita hapo, maji ya jamu hupanda, na koga hufuata. Njia hii ilitumika sana zamani Ulaya na Marekani, penye stoo za baridi, na hata huko Marekani wataalamu wa serikali hawaishauri tena. Sembuse Ijara, ambako joto la jiko la bati laweza kuilainisha nta! Samli nayo huyeyuka, kisha huchacha. Tena msikwangue koga juu mkala iliyobaki, kwa maana sumu yake yaweza kushuka chini pasipoonekana kwa macho.

Wala msidhani kwamba kuzuia hewa peke yake ni salama. Kiko kijidudu, klostridiamu botulinumu, ambacho hustawi mahali pasipo hewa, na sumu yake huua. Mwaka 1980 jarida moja la madaktari la Uingereza liliandika habari za watu wa Kenya waliopatwa na sumu hiyo kwa kula kumbikumbi. Ukali wa ndimu hukizuia. Kwa sababu hiyo embe lililoiva mno, ambalo ukali wake umepungua, lisipikwe jamu bila ndimu. Nyama na mboga msizizibe chupani nyumbani kabisa.

Njia ninayoiona kuwa bora ni hii. Kwa kilo 1 ya embe lililopondwa, tieni sukari robo tatu ya kilo na maji ya ndimu 3 au 4. Pikeni mpaka tone likiwekwa juu ya sahani baridi lisitiririke. Chupa ziwe zimechemshwa, nazo zingali za moto. Jazeni hadi karibu na mdomo, futeni ukingo, fungeni kifuniko cha skrubu, kisha zamisheni chupa zote katika maji yanayochemka kwa dakika 10. Zikipoa, bonyezeni katikati ya kifuniko. Kikibonyea na kurudi juu, chupa hiyo haikuziba, iliweni kwanza. Mimi hupenda chupa ndogo, kwa kuwa nyumba isiyo na friji haiwezi kuitunza jamu iliyokwisha kufunguliwa.

Najua vifuniko vipya vyataka fedha, na mshumaa uko dukani karibu. Lakini hesabuni sukari ya chupa 10 zilizoota koga, mtaona kifuniko ni rahisi. Kikundi na kiweke fedha za vifuniko kando kabla ya kununua sukari. Na nta ya nyuki itokayo upande wa msitu wa Boni msiiharibu juu ya jamu: iuzeni, ina wanunuzi wake.