Mnunuzi Naye ni Raia



Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba, Desemba 1991, Wakenya walirudishiwa uhuru wa kuchagua chama. Leo twauliza: mwananchi aliyepata uwezo wa kumkataa mbunge, mbona bado hathubutu kumkataa muuzaji anayempunja?

Tazameni siku ya soko. Mama ananunua mahindi kwa gorogoro iliyogongwa kitako kikaingia ndani, na konzi nzima ya nafaka imepotea kabla hajalipa. Anaona, ananyamaza. Kijana amenunua redio ikafa kabla jua halijatua. Akirudi dukani anaonyeshwa maneno chini ya risiti: mali iliyokwisha kuuzwa hairudishwi. Basi huinamisha kichwa akaondoka, kana kwamba amesomewa hukumu ya mahakama.

Twatangaza wazi kwamba maneno hayo si sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa; haki ya kuelezwa yote anayohitaji ili afaidike nazo; haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi; na haki ya kufidiwa akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Nayo Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi ubora hata kama hakutamka neno. Haki hizo hazifutwi na mkataba, sembuse na mhuri wa risiti!

Wala wakubwa hawakuachiliwa, kwani kifungu hicho chagusa pia mashirika ya umma. Mwaka 2024 wakulima wa nchi hii waliuziwa mifuko ya mbolea ya ruzuku kupitia maghala ya Halmashauri ya Nafaka na Mazao, kisha ikadhihirika kwamba baadhi yake haikufikia viwango. Mbegu ilikuwa imekwisha kutiwa ardhini. Serikali iliahidi fidia. Lakini msimu wa kupanda haurudi kwa ahadi, na mkulima asiyejua kwamba fidia ni haki yake huipokea kama sadaka.

Wako watakaosema kwamba mwenye gorogoro naye ni maskini. Ni kweli. Lakini huyo pia ni mnunuzi: gunia alilonunua kwa jumla huenda lilipunjwa kabla ya yeye kumpunja jirani. Dhulma hushuka ngazi kwa ngazi hadi imfikie asiye na wa kumpunja. Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo na kuchezea mizani. Hakuwauliza kwanza kama walikuwa matajiri.

Tufanye nini basi? Kwanza, dai risiti, uitunze. Pili, rudisha kilicho kibovu, na ukikataliwa andika barua na ubaki na nakala. Tatu, jueni kwamba Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inamruhusu mwananchi kudai hadi shilingi 1,000,000, akijisemea mwenyewe bila wakili, na inaagiza kesi iamuliwe katika siku 60. Nne, kila kanisa lililo karibu na soko linunue mizani iliyokaguliwa, liiweke mlangoni siku ya soko, ili kila mtu apime alichonunua bila kumgombeza yeyote. Mizani hiyo itahubiri kuliko sisi.

Utawala wa dhulma huanza pale mwananchi anapozoea kunyamaza, na wengi wetu tumejifunza kunyamaza mbele ya gorogoro kabla ya kunyamaza mbele ya chifu. Anayedai konzi yake ya mahindi leo hataogopa kudai kura yake kesho. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na asipopewa, na aidai!