Kabla ya kununua miwani, inama kwanza

Leo ningependa tuzungumze juu ya miwani, na hasa namna ya kuchagua fremu na vioo vitakavyodumu. Usifunge ukurasa ukidhani haya ni mambo ya wazee na wasomi. Soma kwanza kisa cha shangazi yangu, halafu uamue mwenyewe.

Shangazi anaishi Magwagwa, kule Nyamira, ambako majani chai yamefunika vilima hadi kando ya barabara. Amekuwa akichuma chai tangu mimi nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Chai hiyo ndiyo iliyowasomesha wanawe wote, na karo yangu ya kidato cha nne pia ilitoka humo. Lakini miaka michache iliyopita, karani wa kituo cha kupimia majani alianza kumrudishia sehemu ya mzigo wake. Kiwanda hutaka majani mawili na kichipukizi, ilhali kikapu cha shangazi kilikuwa na majani makuukuu na hata vijiti.

Mara ya kwanza alidhani karani ana chuki naye. Mara ya pili alinyamaza. Mara ya tatu wanawe wakaanza kunong'ona kuwa mama amezeeka, heri shamba likodishwe apumzike. Nilipomtembelea, baada ya kuamkiana na kupewa chai, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mikono yangu haijachoka. Nikinyang'anywa hiyo chai nitakaa hapa nihesabu kuku?"

Kumbe mikono haikuwa na hatia hata kidogo. Wakosaji walikuwa macho. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kuwa ngumu na kupoteza uwezo wa kujikunja ili kuona vitu vya karibu. Hilo humpata kila mtu, awe profesa au mchuma chai. Aghalabu mtu hujigundua anaposogeza gazeti mbali ili aweze kulisoma. Je, na yule ambaye hasomi gazeti? Yeye atajigundua kwenye uzi na sindano, kwenye mawe ya maharagwe, au kwenye kichipukizi cha chai.

Wala si shangazi peke yake. Mwaka 2018 jarida la tiba la Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanyiwa wachuma chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi huko Assam, nchini India. Nusu yao walipewa miwani ya kuonea karibu mwanzoni, na wengine wakapewa baada ya utafiti kumalizika. Kazi ya waliovaa miwani iliongezeka kuwashinda wenzao kwa takriban asilimia 22. Kwa wale waliopita miaka 50, tofauti ilikaribia asilimia 32. Hebu fikiria, msomaji, ni mbolea gani iwezayo kuongeza mavuno ya mtu mmoja kiasi hicho?

Basi shangazi alihitaji miwani. Lakini kuhitaji ni jambo moja na kuchagua ni jambo jingine, na hapo ndipo tulipoteleza mara mbili.

Miwani ya kwanza aliinunua sokoni kwa shilingi 150. Aliijaribisha kwa kutazama kiganja chake, akaona mistari yote, akafurahi. Sitaibeza miwani ya namna hiyo, kwani imewasaidia wengi, na haiharibu macho kama baadhi ya watu wasemavyo. Ila vioo vyake vyote viwili huwa na nguvu sawa, ilhali macho ya watu wengi hayalingani. Tena vioo hivyo vilikuwa vya plastiki tupu isiyopakwa kitu. Shangazi alikuwa akifuta umande na jasho kwa upindo wa leso yake, na kabla ya miezi mitatu kwisha, vioo vilikuwa na ukungu wa mikwaruzo. Rahisi huvunja upishi.

Miwani ya pili ilitoka mjini, baada ya bonasi. Hapo nilikosea mimi, kwa maana ndimi niliyempeleka. Kijana wa dukani alitupokea kwa heshima zote, akamvika shangazi fremu ya rangi ya dhahabu, akamwita malkia. Kisha akatushawishi tuongeze utando wa kuzuia mwanga wa buluu wa kompyuta. Nilikubali bila kujiuliza shangazi na kompyuta wamekutana wapi! Tulilipa shilingi 9,000. Juma lililofuata shangazi aliinama juu ya mchai, na miwani ikamtoka puani ikaangukia ndani ya kikapu. Akaifunga kwa kamba ya katani, nayo ikaendelea kuteleza hadi mashavuni. Mwishowe ikalazwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Nawe, msomaji, ukitaka kuepuka hasara kama yetu, zingatia mambo yafuatayo.

Kwanza kabisa, pimwa macho kabla hujatazama fremu hata moja. Anza na kitengo cha macho hospitalini au mpimaji aliyesomea kazi hiyo. Mpimaji wa kweli hatafuti namba ya miwani tu. Anaweza kugundua mtoto wa jicho, au presha ya macho ambayo huiba uwezo wa kuona polepole bila maumivu. Hakuna miwani iwezayo kutibu hayo. Tena mweleze kazi yako, na umwonyeshe kwa mkono umbali unaotazamia. Mtu anayesoma Biblia hushika kitabu karibu kuliko mchuma chai anavyotazama mchai, na nguvu ya kioo inafaa ilingane na umbali huo. Shangazi alipopimwa mjini aliketi kwenye kiti akasomeshwa herufi. Hakuna aliyemwuliza anafanya kazi gani.

Pili, fremu. Ukiitazama kwa ndani, kwenye mkono wake mmoja, utaona tarakimu kama vile 52, 18 na 140. Hizo ni milimita. Ya kwanza ni upana wa kioo kimoja, ya pili ni nafasi ya pua kati ya vioo viwili, na ya tatu ni urefu wa mkono wa fremu. Ukipata miwani inayokutosha vizuri, ziandike mahali, maana zitakusaidia siku ya kununua nyingine.

Fremu nyingi zinazoletwa madukani zilitengenezewa pua nyembamba iliyoinuka. Wengi wetu tuna pua pana zaidi, na ndiyo sababu miwani hutuserereka na kulala mashavuni. Kwa hiyo tafuta fremu yenye vile vidude viwili vya kukaa puani vinavyoweza kupanuliwa au kubanwa, au ile ambayo nafasi yake ya pua ni pana tangu mwanzo. Mikono isibane kipaji, bali ipite wima hadi masikioni na kujikunja vyema nyuma yake. Mboni za macho zikae karibu na katikati ya kila kioo. Halafu ufanye jambo ambalo shangazi hakulifanya: inama hapo hapo dukani! Tazama chini, tikisa kichwa, cheka. Ikiteleza, mwombe fundi airekebishe, na akishindwa, iache hapo.

Ama kuhusu malighafi, fremu za chuma ni nyembamba na hurekebishika, lakini zile za bei ya chini zikipatwa na jasho na mvua huweza kushika kutu, na nikeli iliyomo huwawasha watu wengine ngozi. Plastiki nzuri ni nyepesi na haina kutu. Kwa mtoto wa shule, chagua ile inayopindika bila kuvunjika. Fremu zisizo na ukingo hupendeza kanisani, lakini si za shamba wala za uwanja wa kandanda.

Tatu, vioo vyenyewe. Kioo halisi hakikwaruziki kwa urahisi, lakini ni kizito na kikipasuka huweza kuliumiza jicho. Plastiki ya kawaida ni nyepesi ila hukwaruzika upesi. Kuna nyingine iitwayo polikaboneti ambayo ni vigumu sana kuvunjika, na hiyo ndiyo ifaayo watoto, waendesha bodaboda, na hata wachonga mawe wa Tabaka, ambao vipande huwarukia usoni. Lakini nayo uso wake ni laini, hivyo lazima ipakwe utando mgumu. Na wewe fundi wa kuchomelea vyuma, usidanganyike: miwani ya kuonea haichukui nafasi ya kinga yako ya kazi.

Nne, tando zinazopakwa juu ya vioo. Hapa ndipo pesa hupotelea, kwa sababu mnunuzi hutajiwa majina mengi hadi akachanganyikiwa. Mimi ningezipanga hivi. Utando mgumu wa kupunguza mikwaruzo ndio wa kwanza, nao si wa kukosa ikiwa vioo ni vya plastiki. Wa pili ni kinga dhidi ya miale ya urujuanimno, yaani ile miale ya jua isiyoonekana ambayo huchangia mtoto wa jicho na nyama inayoota juu ya jicho. Kwetu jua la ikweta ni kali, tena kadiri mtu anavyopanda milimani ndivyo miale hiyo inavyozidi, kwa kiasi cha asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000. Polikaboneti huizuia miale hiyo yenyewe, kwa hiyo usilipishwe mara mbili. Kumbuka pia kwamba weusi wa kioo si kinga. Miwani nyeusi isiyozuia miale hiyo hufanya mboni zipanuke na kukaribisha adui ndani.

Utando wa tatu ni ule wa kuondoa mng'ao. Plastiki ya kawaida hurudisha takriban asilimia 8 ya mwanga unaoifikia, na utando huu huacha karibu mwanga wote upite. Mwanafizikia Olexander Smakula aliubuni mwaka 1935 akiwa katika kampuni ya Zeiss nchini Ujerumani. Ukiugeuza upande kioo kilichopakwa, utaona rangi ya kijani au zambarau kwa mbali. Unamfaa sana dereva wa usiku na mwanafunzi anayesoma chini ya taa. Kwa mchuma chai, ni vizuri kuwa nao, lakini si wa lazima.

Nao ule wa mwanga wa buluu, ambao ulinila pesa? Mwaka 2023 wataalamu wa shirika la Cochrane walizipitia tafiti 17 juu ya vioo hivyo. Hawakupata ushahidi kwamba hupunguza uchovu wa macho kwa watu wanaotumia kompyuta katika muda mfupi uliochunguzwa. Ikiwa hata karani wa ofisini hafaidiki, sembuse shangazi yangu katikati ya michai?

Tano, utunzaji. Vumbi lililo juu ya kioo ni kama msasa. Usifute kioo kikavu kwa leso, shati wala gazeti. Kimwagie maji kwanza, tia tone la sabuni ya maji isiyo kali, kisha ukaushe kwa kitambaa safi cha pamba. Usiiweke miwani karibu na mafiga wala mbele ya gari juani, kwa maana joto huufanya utando upasuke vipande vidogo vidogo. Unapoiweka mezani, vioo vitazame juu.

Sasa turudi Magwagwa. Mara ya tatu tulikwenda kwa mpimaji mwingine, mama mmoja mtu mzima. Alimwambia shangazi asimame amwonyeshe jinsi anavyochuma, naye shangazi akachuma hewa pale chumbani bila haya. Mama yule akapima umbali kutoka machoni hadi vidoleni kwa futi ya fundi cherehani. Alimkanya asitembee na miwani hiyo kwenye mteremko, kwa kuwa vitu vya mbali vitakuwa na ukungu, bali aivue na kuining'iniza shingoni kwa kamba yake. Tulichukua fremu nyeusi ya plastiki, vioo vyenye utando mgumu na kinga ya jua, basi. Bei yake haikufika nusu ya ile ya dhahabu.

Shangazi alipoivaa kwa mara ya kwanza alitazama kiganja, akatazama mishono ya rinda lake, kisha akanigeukia mimi niliyeketi kando yake. Akanitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "kumbe nawe umeota mvi, na watu hawakuniambia?"

Karani hajamrudishia majani tena, na habari za kukodisha shamba zimekwisha. Kwa hiyo, bonasi ya mwaka huu ikiingia, kabla hujamnunulia mzazi wako blanketi jingine, mkalishe mwangani umpe uzi na sindano. Akishindwa kuutunga, mpeleke akapimwe.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia macho mema.